Manju Alipotaka Moto

Baba mwenye nyumba wangu aliweka kikapu juu ya meza yangu ya jikoni, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia ya kwenda stesheni:

"Mwalimu, kati ya hivi, kipi kinaweza kucheza na watu bila kuwaua?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa sita, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu nihamishwe kutoka Iringa kuja kufundisha kemia kwenye shule moja ya sekondari, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Nilipanga vyumba viwili kwenye ua wa mzee huyu. Alikuwa mkulima wa pamba, umri hamsini na kitu, mrefu, mkimya, na kwa miezi tisa ya mwaka usingemtofautisha na wakulima wenzake. Miezi mitatu iliyobaki, pamba ikishavunwa, alikuwa manju. Alitunga nyimbo, akaongoza kundi la wachezaji zaidi ya ishirini, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumsikiliza.

Kwa asiyeijua michezo ya ngoma ya Kisukuma, nieleze kidogo. Makundi mawili hupewa uwanja mmoja, siku moja, saa ile ile. Kila kundi linapiga ngoma zake upande wake. Hakuna jaji. Watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao: wakivutiwa na huku wanakuja huku, wakichoka wanahamia kule, na mwisho wa siku kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo manju anayejua kutunga tu hafiki mbali. Lazima awe na kitu cha kuwashika watu macho.

Mwaka uliotangulia, mpinzani wake wa ng'ambo ya bonde alikuja na chatu. Alimvaa shingoni kama skafu, akamnywesha maziwa kwenye kibuyu mbele ya watu. Kundi la baba mwenye nyumba wangu lilikuwa katikati ya wimbo waliouandaa miezi miwili, na watu wakaondoka wote kama maji yaliyomwagwa kutoka kwenye beseni.

"Niliimba kwa ajili ya ng'ombe," aliniambia siku ile. "Na ng'ombe nao hawakusikiliza."

Sasa alitaka moto. Moto wa rangi, au cheche, au moshi, chochote ambacho chatu hawezi kukifanya. Kwa muda wa wiki tatu alikuwa akizunguka kwa watu akiuliza swali moja tu: ni kitu gani ulichowahi kukatazwa kukiweka karibu na moto? Majibu yao yalikuwa ndani ya kikapu.

Nilifungua kifurushi kimoja kimoja. Kopo la maziwa ya unga lenye chembe nyeupe za mviringo, alilopewa na mchezaji wake mmoja aliyekuwa amerudi kutoka kuchimba dhahabu Mwakitolyo. Karatasi yenye fuwele za zambarau, ile dawa ambayo watu walioshea vidonda na mboga, kutoka zahanati. Chupa yenye unga mweupe na lebo iliyochanika, mali ya mzee ambaye zamani alifanya kazi ya kuua majani kwenye reli. Bonge la shura, ile chumvi ya kukaushia nyama, kijivu, kutoka duka la Mhindi mmoja mjini aliyewauzia watu wa kukausha nyama. Na mwisho, pakiti nzima ya viberiti, alivyonunua mwenyewe.

Nilikaa chini. Mtu huyu aliishia darasa la nne, lakini alikuwa amekusanya mada nzima ya kidato cha nne kwenye kikapu cha mchicha. Kila kimoja kati ya vile vitano kilikuwa, au kilikuwa na ndani yake, kitu ninachokiita darasani kioksidishaji. Chenyewe hakiungui. Kazi yake ni kuupa moto pumzi. Kuni hupumua hewa iliyo nje, polepole. Ukikiweka hiki karibu na kuni, ni kama umeupa moto pafu jingine, na pafu lenyewe limo ndani ya kuni.

Nilimweleza hivyo. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo vyote ni ndugu," alisema.

"Ni ndugu, lakini hawana tabia moja."

"Basi nataka kujua tabia zao."

Ningemwambia hapana wakati ule ule, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimefundisha mwaka mmoja na nusu mbele ya watu waliokuwa wakinakili ubaoni bila kuniuliza chochote, na huyu alikuwa ndiye mtu wa kwanza Shinyanga aliyetaka kujua. Nilimwambia aje maabara saa tisa.

Alikuja amevaa koti. Nilimkalisha kwenye kigoda cha mbele, nikampa miwani ya kukinga macho, nikachukua kutoka kila kimoja kiasi cha kuenea kwenye ukucha. Nilivipasha moto ndani ya mrija wa kioo, kimoja baada ya kingine, kisha nikaingiza kijiti chenye kaa linalokaribia kuzimika. Kila mara kaa lile liliamka. Kwa fuwele za zambarau liliwaka mwali mweupe. Kwa shura lilichelewa, kisha likawaka. Midomo ya manju ilikuwa ikicheza kidogo, na baadaye nilijua kwamba alikuwa anatunga.

Nilizungumza sana siku ile. Nilimwambia chembe za Mwakitolyo zinanyonya unyevu hadi zinakuwa uji, na watu wa machimbo wanazitumia kuvunja mwamba, hivyo hazina kazi kwenye uwanja wenye akina mama na watoto. Nilimwambia ile dawa ya zambarau ina hila, kuna vitu vya nyumbani ikikutana navyo inawaka yenyewe bila kusubiri kiberiti, tena kwa saa inayotaka yenyewe. Nilimwambia ule unga wa reli ndio mbaya kuliko vyote. Unatoa mwanga mzuri sana, hilo ni kweli, lakini hauvumilii kusuguliwa wala kugongwa, na nguo iliyolowa maji yake ikikauka inaungua mwilini kama karatasi. Yule mzee wa reli alikuwa na bahati.

"Na shura?"

"Shura ndiye mpole wao. Ana subira. Ukimsaga hakasiriki. Watu wa fataki wamemtumia tangu zamani kwa sababu hiyo. Lakini hata yeye anataka fundi, Baba. Upole wake unaisha akishachanganywa."

"Na kiberiti?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa linashuka, na nilijisikia mjanja. Nilicheka.

"Kiberiti ni ndugu wa ule wa reli," nilisema. "Amegawanywa kidogo kidogo tu ili tuweze kuishi naye jikoni."

Nilidhani nimemwonya. Nilipokumbuka baadaye maneno yale, niliona kwamba nilikuwa nimemwambia mambo mawili: kwamba huyu ndiye mwenye mwanga mzuri kuliko wote, na kwamba anakaa jikoni kwangu na kwake bila kumdhuru mtu.

Ule unga wa reli, fuwele za zambarau na bonge la shura nilivibakiza maabara chini ya kufuli. Chembe za Mwakitolyo niliziyeyusha kwenye ndoo za maji, nikamwagilia migomba mitatu iliyokuwa nyuma ya bafu, na kwa kuwa ni mbolea pia, migomba ile ilinenepa vibaya sana. Viberiti sikuvichukua. Nani anamnyang'anya mtu viberiti vyake?

Jumanne iliyofuata, saa kumi jioni, nilikuwa nasahihisha madaftari mlangoni. Nikasikia sauti nyuma ya nyumba, si kubwa, kama mtu aliyepasua mfuko wa karatasi uliojaa hewa. Kisha mama mwenye nyumba akaanza kusema kwa Kisukuma, haraka haraka, na mimi nikakimbia.

Manju alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka, kinu kidogo cha kusagia karanga kimelala ubavuni kwake. Alikuwa amekwangua vichwa vya viberiti pakiti nzima na kuanza kuvisaga. Nyusi hazikuwepo. Nusu ya ndevu haikuwepo. Uso ulikuwa umeiva, na vidole vya mkono wa kulia vilianza kuvimba malengelenge pale pale tukimtazama. Nilimmwagia maji ya mtungi, mtungi mzima, kisha wa pili, nikamwambia afumbue macho anihesabie vidole vyangu.

"Vitatu," alisema. "Mwalimu, nilisaga kidogo kidogo, kama ulivyosema."

Macho yalikuwa mazima. Huo ulikuwa ndio utajiri wote wa siku ile. Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli, mimi nikisukuma na mke wake akimshikilia kwenye keria. Nesi alimpaka dawa, akamfunga mkono, akamuuliza alikuwa anapika nini. Manju alijibu kwamba alikuwa anapika wimbo.

Tukiwa njiani kurudi, mama mwenye nyumba alimshikilia mume wake kwenye keria mpaka tulipofika kwenye mti wa ukwaju karibu na nyumbani. Hapo akasimama, akanigeukia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye heshima sana, na tangu nihamie pale hakuwahi kuniita kwa jina lolote isipokuwa Mwalimu.

"Mwalimu," alisema, "juzi aliniambia anakwenda kufundishwa na wewe. Nikafurahi. Sasa naomba unieleze, ulimfundisha nini?"

Nilimwomba radhi, akaniitikia. Swali lile nilikaa nalo wiki ile yote. Nilikuwa nimemfundisha kila kitu kinavyofanya kwenye mrija wa kioo. Sikumfundisha kinavyofanya kwenye mkono wa mtu anayekosea, na hakuna mtu asiyekosea. Nikatazama na madaftari niliyokuwa nasahihisha, nikaona wanafunzi wangu nao wameandika vizuri kabisa milinganyo yote, na hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba usisage.

Jumamosi nilichukua bonge la shura na kwenda kulirudisha dukani. Duka lilikuwa mtaa wa karibu na soko, lile la aina ya zamani lenye kaunta ndefu ya mbao, magunia ya mchele huku, misumari na koleo kule. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa pale pale Shinyanga, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu mara mia.

"Mwadila, mwalimu," alinisalimia.

"Mwadila. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unarudisha shura? Nyama imeharibika?"

Nilimweleza. Aliposikia habari ya nyusi alianza kucheka, kisha akaacha ghafla, akamwambia mke wake alete chai. Alinivutia kiti upande wa ndani wa kaunta.

"Mimi nilimpa nikijua anakausha nyama," alisema. "Angeniambia anataka fataki ningemfukuza na fagio. Babu yangu alikuwa fundi wa fataki huko India, kabla hajapanda meli. Alikuwa anatengeneza zile chemchemi za udongo za Diwali, sikukuu yetu ya taa, unaziweka chini zinarusha cheche juu. Maisha yake yote alitumia shura. Baadaye ukaja unga mwingine, mweupe, wa kiwandani. Rangi nzuri, kijani, nyekundu, shura haiwezi kutoa rangi kama ile. Vijana wakautaka. Babu alikataa. Baba yangu mdogo alikubali."

"Ikawaje?"

"Alikuwa na vidole saba. Alivitumia kunionya mpaka alipokufa."

Alisema kwa utulivu, akimimina chai kwenye kisahani ipoe. Aliniambia kwamba kibanda cha babu yake kilikuwa na kuta tatu tu, upande wa nne uko wazi, ili siku kitu kikikosea kitoke nje bila kubomoa ukuta. Fundi alikaa peke yake, hakuna aliyemsalimia akiwa kazini, hakuna aliyeingia na viatu vyenye misumari. Chombo cha kuchanganyia kilikuwa cha mbao, na mchana wa jua kali kazi haikufanyika. Yote hayo kwa ajili ya shura, yule mpole.

"Watu wanauliza kipi kinawaka vizuri," alisema. "Babu aliuliza kipi kitamvumilia siku akiwa na homa."

"Na wewe Diwali unafanya nini?"

"Nanunua vijiti vya cheche vya watoto, vimetengenezwa na kiwanda. Tunawasha nje, ndoo ya maji iko pembeni. Mwaka jana hata hivyo havikufika. Tuliwasha taa za mafuta, ikatosha."

Alilichukua bonge la shura, akaliweka kwenye sanduku chini ya kaunta, akaniambia nimpe manju pole. Nikatoka nikiwa nimeshaamua kwenda kumwambia baba mwenye nyumba wangu kwamba hakuna. Katika vyote vitano, hakuna. Atafute mnyama.

Nje, kwenye baraza la duka la pili, alikuwepo mnoa visu. Alikuwa na baiskeli iliyosimamishwa kwenye stendi, jiwe la kunolea limefungwa mbele ya usukani, na mkanda wa mpira unaolizungusha akikanyaga pedali. Nilikuwa nimempita mara nyingi. Siku ile palikuwa na kivuli pale barazani, na yeye alikuwa ananoa panga la mchinjaji, na cheche zilitoka chini ya panga kama mkia wa jogoo, ndefu, za rangi ya chungwa, zikipasuka nyota nyota mwishoni kabla ya kuzimika.

Nilisimama hapo mpaka akaniona.

"Mama, unataka kunoa nini?"

"Sitaki kunoa. Naomba ukanyage tu."

Alinitazama. "Nikanyage bila kisu?"

"Kwa kisu. Kisu chochote. Nataka kuona cheche."

Nadhani alifikiri nina matatizo, lakini alikuwa mtu mwema, akakanyaga. Na mimi nikasimama pale barazani nikijicheka. Chembe ndogo za chuma, zimepashwa moto na jiwe, zinakutana na hewa na kuungua. Hewa. Kioksidishaji kile kile tunachokivuta puani, hakuna wa kukibeba kwenye kopo. Hakisagwi, hakihifadhiwi, hakinyonyi unyevu, na mguu ukiacha pedali, moto umekwisha. Nilikuwa nimeshinda maabara saa tatu nzima nikimweleza mtu tabia za ndugu watano, na huyu wa sita hata sikumtaja.

Nilimuuliza mnoa visu ni chuma gani kinatoa cheche nyingi zaidi. Hakufikiri hata kidogo. "Tupa," alisema. "Tupa kuukuu ya fundi seremala. Halafu springi ya gari. Jembe la zamani si baya. Bati na sufuria hazina kitu." Alinionyesha. Alikuwa sahihi kwa kila kimoja, na mimi nilikuwa na digrii na sikujua.

Jioni ile, kwa mwaliko wangu, mnoa visu alikuja nyumbani kwa baiskeli yake. Manju alitolewa kiti nje, mkono umefungwa bandeji, uso unang'aa kwa mafuta ya nesi. Mnoa visu akasimamisha baiskeli, akakanyaga, akaweka tupa kwenye jiwe. Jua lilikuwa limeshazama, mwanga umebaki kidogo tu upande wa magharibi. Cheche zilifika hatua tatu.

Manju alitazama. Akasema, "Ongeza." Mnoa visu akaongeza. Akasema, "Acha." Akaacha, na cheche zikazimika zote kwa mara moja.

"Huu unatii," manju alisema.

Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kifuani, aliuliza kama kuna kitu chochote cha kusaga. Nikamwambia hakuna. Aliuliza kama kuna chupa. Nikamwambia hakuna. Akaingia ndani akatuletea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimesamehewa.

Wazo la majembe lilikuwa la manju mwenyewe. Wachezaji wake walicheza na majembe, wanayarusha juu yakizunguka na kuyadaka kwa mpini, na kila mmoja alikuwa na jembe lake la zamani lililoisha makali. Alisema wapite kwenye jiwe mmoja mmoja, na kila mmoja aguse kwenye pigo la ngoma kubwa. Walifanya mazoezi wiki mbili. Mwanzoni walikuwa wakigonga jiwe kwa nguvu mno na mnoa visu akalalamika kwamba watampasulia mali yake. Jiwe likipasuka linaruka vipande, alisema, na yeye ndiye aliyekaa nyuma yake. Nikampa miwani ya maabara, na wachezaji wote nikawakopesha miwani kwa masharti kwamba itarudi. Nilikagua jiwe kila siku kama lina ufa. Uwanja tuliumwagia maji upande ule, tukahamisha marobota ya pamba yaliyokuwa karibu, tukapima hatua kumi na kufunga kamba ili watu wasisogee. Mambo yote niliyoshindwa kuyasema siku ya kwanza niliyasema kwa kila mchezaji, mara tatu tatu, mpaka mmoja wao akaniomba nipumzike.

Siku ya mashindano watu walianza kufika saa nne asubuhi. Mpinzani alikuja na chatu, mkubwa kuliko wa mwaka uliopita, au labda ni yule yule aliyekula vizuri. Mchana mzima watu walikuwa kwake. Baba mwenye nyumba wangu aliimba nyimbo zake za kawaida mbele ya watu kama arobaini, wengi wao jamaa zake, na hakuonekana kuwa na haraka. Jua lilipoanza kugusa ardhi, aliinua fimbo.

Ngoma zilibadilika. Mnoa visu alianza kukanyaga, amevaa miwani yangu na vazi la ngozi aliloazimwa na wachezaji. Mchezaji wa kwanza akarusha jembe juu, likazunguka, akalidaka, akainama, akagusa jiwe, na pigo la ngoma na mkia wa cheche vikatoka pamoja. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Nilisikia sauti ya watu upande wa pili ikikatika. Kisha nikasikia miguu.

Walikuja. Walijaa mpaka kwenye kamba, mimi na mama mwenye nyumba tukisukuma watoto nyuma. Kwa muda wa kama nusu saa uwanja ulikuwa wetu. Lakini cheche ni cheche, na kufikia mzunguko wa tatu wa wachezaji nilianza kuona watu wa nyuma wakigeuza shingo kumtafuta chatu. Manju naye aliona. Akampa ishara mnoa visu apumzike, akasogea mbele ya kamba, akavua kofia.

Nyusi zilikuwa zimeanza kuota, kama vumbi. Watu walikuwa wamesikia uvumi, lakini hawakuwa wamemwona bila kofia. Akaanza kuimba kwa Kisukuma, peke yake, bila ngoma, na mama mwenye nyumba akawa ananitafsiria sikioni:

"Nilikwenda kuutafuta moto kwenye kinu cha mke wangu. Nikaugonga mlango polepole, ukafungua kwa kelele. Moto ukaniuliza, umeleta zawadi gani? Nikasema, sina kitu, mimi ni mwimbaji tu. Ukasema, basi nipe nyusi."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Beti zilikuwa nyingi. Kulikuwa na ubeti wa nesi. Kulikuwa na ubeti wa mwalimu kutoka Iringa mwenye chupa nyingi, kila chupa ina hasira zake, naye anazijua zote kwa majina kama mchungaji na ng'ombe, na bado anakunywa chai kwa mkono usio na kovu. Mama mwenye nyumba alipotafsiri ule alinibana mkono. Kiitikio kilikuwa kifupi, na mara ya tatu watu wote walikuwa wanakiitikia: usisage, baba, usisage. Halafu ngoma zikarudi, mnoa visu akakanyaga tena, na hakuna aliyeondoka mpaka giza likaingia na miwani yangu ikawa imekusanywa, yote isipokuwa moja.

Nilifundisha Shinyanga miaka mitano zaidi kabla ya kuhamia Geita. Kila mwaka nilipofika kwenye mada ile, nilianza na mkono wa mtu. Nilichora mkono ubaoni kwanza, kisha ndipo nikaandika mlinganyo. Chupa za maabara nilizitoa kwenye mpangilio wa alfabeti, maana ulikuwa umewaweka majirani watu wasiopaswa kuonana, na nikazipanga kwa tabia. Wanafunzi walianza kuniuliza maswali. Mengine yalinitia hofu kidogo, lakini nilipendelea wayaulize kwangu.

Mwezi mmoja baada ya mashindano, manju wa ng'ambo ya bonde alifika pale uani mchana, bila chatu wake, amevaa shati safi. Alisalimia, akapewa kiti, akanywa maji. Alizungumza habari za mvua, za pamba, za ng'ombe aliyepotea. Mwishowe alimuuliza mwenzake, kwa sauti ya chini, kama yule mnoa visu ana siku yoyote ya nafasi.

"Muulize mwenyewe," baba mwenye nyumba wangu alisema. "Lakini mpe kiti chenye kivuli. Anapenda kukanyaga akiwa kivulini."

Mwaka uliofuata mnoa visu alikanyagia pande zote mbili, asubuhi huku, jioni kule, na mwezi wa saba wote wachinjaji wa sokoni walilalamika kwamba visu vyao ni butu na mtu wao haonekani.